Kilo Ishirini na Saba Zilizorudi

Nilimvunja mdogo wangu jino kwa sababu ya chapati. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaosimulia habari za upasuaji wa kupunguza tumbo huanza na picha mbili, ya kabla na ya baada, halafu wanaishia hapo. Hakuna anayekuonyesha picha ya tatu, ya miaka minne baadaye, kilo zimerudi, mtu amekaa nyumbani na kisirani chake akitafuta wa kumpiga. Mimi ndiye picha ya tatu. Kama nawe umeanza kuona nguo zinakubana tena na unaogopa kumwambia mtu, hii nimekuandikia wewe.

Naitwa Rose. Kazi yangu ni kuchinja kuku Kawangware 46. Mteja anachagua kuku wake kwenye kizimba, mimi namvuta kwa mabawa, namkanyaga, nakata shingo, namtumbukiza kwenye maji moto, nanyonyoa, natoa matumbo. Siku nzuri nachinja kuku sitini. Wakati huo nilikaa Kambi Muru, Kibera, na mume wangu Ouma, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, pamoja na binti yetu Mercy.

Nilikuwa na kilo mia moja arobaini na mbili. Sukari ilikuwa juu, presha juu, magoti yalilia kama bawaba kavu. Lakini kuna ukweli ambao sikumwambia daktari yeyote: mwili ule ulikuwa ukuta wangu. Walevi walinipisha njia. Wateja wakorofi hawakuzozana nami. Na Ouma, ambaye niliwahi kumwona akimpiga ndugu yake mpaka akazimia, hakuninyanyulia mkono hata siku moja kwa miaka kumi na nne.

Sikutafuta upasuaji, ulinitafuta wenyewe. Madaktari wageni walikuja kuwafundisha wetu, wakahitaji wagonjwa, na nesi wa kliniki ya sukari akaandika jina langu. Mdogo wangu Akoth ndiye aliyenisindikiza. Walinikata sehemu kubwa ya tumbo na kuniachia kipande chembamba, mfano wa ndizi. Nilipoamka nilihisi kama farasi amenipiga teke mbavuni. Akoth alikuwa amekaa kando ya kitanda na kikombe kidogo cha plastiki, ananipimia maji kwa kijiko.

"Moja," alisema. "Meza. Ngoja. Sasa ya pili."

Wiki mbili nilikunywa supu iliyochujwa. Wiki ya tano nilijaribu kipande cha ugali, kidogo kuliko kidole gumba, kikakwama. Nilitapika povu jeupe nje ya mlango, nimepiga magoti kwenye matope, majirani wanapita. Mvua za masika zilianza nikiwa na kilo mia na ishirini. Baridi ya Julai ilinikuta na mia na tano. Nywele zilitoka kwa mafungu. Ngozi ya tumbo na mikono ilining'inia kama nguo ya kuazima, na chini ya mikunjo ilichubuka ikatoa maji. Mtaani wakasema nina mdudu, yaani ukimwi. Mama mmoja aliyekuwa akinunua utumbo wa kuku kwangu kila Ijumaa aliacha kununua, akawaambia wengine wasikubali niguse nyama yao.

Niliwacheka. Magoti yalinyamaza. Nilitembea kutoka Kambi Muru mpaka Kawangware bila kusimama. Daktari aliniondolea dawa za sukari, zote. Mwaka mmoja na nusu baada ya kukatwa, mizani ya kliniki ilisoma themanini na sita, na nilipotoka nje nilinunua rinda la buluu lenye mkanda kiunoni. Sikuwa na kiuno cha kufunga mkanda tangu nimzae Mercy.

Jioni hiyo Ouma alinitazama nikiwa nalo.

"Umejikondesha kwa ajili ya nani?"

"Baba Mercy, si ulikubali mwenyewe niende hospitali?"

"Nimekuuliza ni kwa ajili ya nani."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Kofi lilinikuta nikiwa bado na kicheko mdomoni, nikaruka nikagonga kabati la vyombo, masufuria yakaniangukia. Sikushangazwa na kofi. Nilishangaa kwamba nilianguka. Miaka yote ile hakuna kitu kilichowahi kuniangusha.

Baada ya hapo alinipiga kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu. Alinipiga nikichelewa, alinipiga nikiwahi. Alinipiga ngumi kwenye makovu ya upasuaji, kwa sababu alijua yalipo. Siku moja alinishika ngozi ya mkono inayoning'inia, akaizungusha ngumini kama anakamua nguo, huku ananiuliza swali lile lile. Mercy alikuwa chumbani, amejifunika blanketi kichwani. Nilimwona miguu tu.

Kula kulianza siku Ouma aliponipasua mdomo kwa ndani. Sikuweza kutafuna yai wala nyama, chakula tulichofundishwa kutanguliza, basi nililoweka biskuti kwenye chai nikameza. Zilipita. Ugali ulikuwa unakwama, lakini biskuti zilizolowa zilipita kama maji. Kesho yake ikawa maandazi yaliyolowa, halafu uji wenye sukari, halafu aiskrimu ya yule anayesukuma baiskeli, halafu karanga mfukoni mwa aproni, moja moja, kutoka asubuhi hadi tunafunga kibanda. Sikuwahi kula sahani kubwa. Ukiniuliza ningekuapia kwamba sili. Na kweli, hakukuwa na wakati uliokuwa wa kula, kwa sababu kutwa nzima nilikuwa nakula.

Je, nilikula ili ukuta wangu urudi? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Najua tu kwamba nilipofika kilo tisini na nane, siku moja Ouma alinisukuma na sikuanguka, na ndani yangu kitu kilifurahi.

Nilikwenda kliniki ya mwaka wa pili nikiwa nimeongeza kilo sita tu. Kijana mmoja aliyevaa koti jeupe alisoma mizani, akapaza sauti mbele ya benchi zima. "Mama, kuna watu wanalilia nafasi uliyopewa, na wewe unaitupa." Wagonjwa wote waliinamisha macho. Nilichukua kitabu changu nikatoka. Sikurudi kwa mwaka mmoja na nusu. Mkojo ukaanza kuniamsha tena, kiu ikarudi, miguu ikawaka moto, na kila nilipopita karibu na barabara ya hospitali nilivuka upande wa pili.

Akoth ndiye ambaye hakukubali kudanganywa. Alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, akanitazama vifundo vya miguu, akaniuliza nimekula nini. Jumapili moja aliingia bila kubisha akanikuta nimesimama nyuma ya pazia na chapati mbili zilizokunjwa, nimezichovya kwenye chai ya sukari, nakula kwa haraka kama mwizi. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu.

"Mama Mercy, nipatie hiyo."

"Toka hapa."

"Nilikupimia maji kwa kijiko. Nipatie."

Akaishika. Tukavutana, watu wazima wawili, chai inatumwagikia kifuani. Nikampiga. Sikumpiga kofi. Nilikunja ngumi yangu ya kuchinjia kuku, nikampiga nayo mdomoni. Alikaa chini taratibu, akatema damu kiganjani, na ndani ya damu kulikuwa na jino. Alilitazama. Kisha akaniangalia, na nikaona kwamba ananiogopa, kwa jinsi ile ile Mercy alivyokuwa akimwogopa baba yake.

Alipoondoka nilimaliza chapati. Hilo ndilo gumu zaidi kuliandika. Nilikula chapati ile ikiwa na damu ya mdogo wangu pembeni, kisha nikajipiga tumbo kwa ngumi mpaka nikakosa pumzi, ngumi kumi, ishirini, nikilitukana kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, kwa kila lugha niliyokuwa nayo.

Yaliyonitoa Kibera yalitokea Jumamosi ya mwezi uliofuata, mchana kweupe. Mercy na mimi tulimpelekea Ouma chakula kwenye karakana yake. Jirani yake hununua vyuma vikuukuu na ana mizani kubwa ya bapa, ile inayowekwa chini. Wanaume kama watano walikuwa wamekaa kwenye vivuli. Nadhani Ouma alikuwa ameshazungumza habari zangu kabla hatujafika, maana walikuwa wanacheka nilipoingia.

"Panda," Ouma aliniambia, akionyesha mizani.

"Chakula kitapoa, Baba Mercy."

"Panda, watu waone kazi ya madaktari."

Akanishika shingo kwa nyuma akanisukuma. Nilijikwaa, nikajikuta nimesimama kwenye bapa kati ya rimu ya gari na mabati. Mwenye mizani aliondoa rimu na mabati kwa mguu, akasoma. "Mia na kumi na tatu." Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema mia na kumi na tatu hiyo ni skrepa daraja la kwanza. Ouma akacheka hadi akashika magoti, halafu, akiwa bado anacheka, akanipiga kofi sikioni. Dunia ikalia kengele.

Kulikuwa na kipande cha chuma cha pembe miguuni pangu, urefu wa mkono. Nilikiinua na kumpiga nacho. Aliinua mkono kujikinga na nikasikia mfupa unavunjika, sauti ninayoijua, kama paja la kuku mkubwa. Akaanguka. Nikampiga tena begani. Nikampiga mgongoni. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyenyanyuka kwenye kivuli. Chuma kikanitoka mkononi kwa sababu ya jasho, na mkono wangu wenyewe ukaingia kwenye mkoba, ukatoka na kisu changu cha kazi. Ouma alikuwa amelala chali anajiburuta nyuma. Jicho langu likaenda moja kwa moja pale shingoni, pale ambapo huwa nakata.

"Mathe!"

Mercy alinirukia mgongoni, akanikumbatia mikono yote miwili na mabega, akanibana kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mathe, wachana naye! Utaenda jela uniache na nani? Mathe, angusha! Angusha hicho kitu!"

Nilikiangusha. Kilitua kwenye mizani. Nakumbuka mshale uliruka kidogo ukatulia. Nikaanza kutapika, povu lile lile jeupe, huku binti yangu bado amenishika kwa nyuma.

Mzee wa mtaa alitupeleka kituo cha polisi. Niliwekwa ndani hadi Jumatatu, sakafu baridi, ndoo pembeni. Ouma alikataa kuandikisha mashtaka. Aliona aibu kusema mbele ya askari kwamba mke wake ndiye aliyemvunja mkono. Mimi niliandikisha yangu yote, tangu rinda la buluu, na afisa wa kike aliyeandika alinisimamisha mara mbili ili anyooshe vidole. Nilipotoka sikurudi Kambi Muru. Mercy alikuwa ameshabeba nguo zetu na vitabu vyake kwenye gunia, akaniambia mama mwenye kibanda cha kuku ametupatia chumba mtaa wa Kongo, Kawangware, nyuma ya kibanda cha mkaa.

Usidhani kwamba kuondoka kulinikondesha. Wiki zile za kwanza nilikula zaidi. Hakukuwa na wa kunipiga, basi nikajipiga mwenyewe. Nilivunja kikombe ukutani kwa sababu mkate umeisha. Nilimfokea Mercy kwa kula yai ambalo nilikuwa nimelihesabu kuwa langu, na alipojikunja kando ya kitanda kama zamani nilitoka nje nikakaa kwenye mlango wa kibanda cha mkaa, naogopa mikono yangu.

Akoth alikuja siku ya kumi na sita. Alisimama mlangoni na pengo lake.

"Nimekuja kuona kama uko hai," alisema.

"Niko."

"Sawa."

"Akoth, nisamehe."

"Nitakusamehe jino likiota." Akaingia, akakaa, akavua viatu. "Kesho tunaenda kliniki. Ukinipiga tena nami nakupiga, tuelewane."

Kwenye benchi la kliniki nilivaa leso kichwani na kuinama, nikiomba nisijulikane. Nesi aliyeandika jina langu miaka ile bado alikuwepo, mama mtu mzima wa Machakos mwenye miwani ya kamba. Aliniingiza chumbani kwake.

"Rose. Ulipotelea wapi?"

"Nimenenepa, sista."

"Hilo naliona. Nimekuuliza ulipotelea wapi."

Nilifungua mdomo kusema nilikuwa na kazi nyingi, badala yake yakatoka yote: makovu, mizani ya vyuma, kisu, jino la Akoth. Nilizungumza mpaka mwenye nambari inayofuata akaja kuchungulia. Nesi alifunga mlango kwa mguu. Hakunihurumia kwa maneno. Alisema, "Hapa tulikuwa tunakuuliza umekula nini. Tulipaswa kukuuliza pia unakaa na nani." Kisha akaniandikia daktari.

Walinipitisha mpira wenye kamera kooni. Daktari, mwanamke wa rika langu, aliniambia tumbo limetanuka kiasi lakini halijaharibika, kwamba njaa hurudi kwa watu wengi, kwamba kilo kurudi si dhambi wala si uvivu, ni ugonjwa umerudi na sisi tunarudi kuutibu. Nilimwomba anirudie hiyo sentensi. Aliirudia. Hakutaka kunikata tena. Alinirudishia dawa za sukari, akanipa mtu wa kuzungumza naye kila Jumatano ya pili, na akanirudisha mwanzo kabisa: protini kwanza, usinywe ukiwa unakula, kaa chini unapokula, usile umesimama nyuma ya pazia.

Kukaa chini ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Mchana pale kazini nilikuwa nafunga kibanda robo saa, nageuza ndoo, nakaa na mayai mawili na mboga kwenye bakuli la bati. Karanga za mfukoni nilizitoa, na siku ya tatu bila karanga nilimtupia mteja kuku wake usoni kwa sababu aliniambia niharakishe. Mwenye kibanda alinirudisha nyumbani. Nilimwambia mtu wangu wa Jumatano habari hiyo nikitarajia anikemee, akaniuliza, "Kabla ya kumtupia, mwili wako ulihisi nini?" Sikuwa nimewahi kuulizwa swali kama hilo. Nilihisi kofi linakuja. Nilikuwa narudisha pigo ambalo halijapigwa. Tulilia siku hiyo, mimi na yeye, na Jumatano zilizofuata tulifundishana jinsi ya kungoja pigo lipite bila mimi kupiga mtu.

Mambo madogo yalinishikilia. Wanawake wa benchi, watano sasa, tuliokatwa wote na wote tumerudisha kiasi fulani, tunaokaa pamoja siku ya mizani na kusimuliana tulivyoangukia keki. Mercy kunisuka nywele chache zilizobaki bila kuzivuta. Akoth kuja Jumapili na samaki wake wa kuchemsha, kunikalisha, kukaa mbele yangu na kula pole pole kwa upande wenye meno.

Masika mbili zimepita tangu mizani ya vyuma. Nimefika mia na nne. Nilikaa hapo miezi mitano bila kusogea, nikapanda kilo mbili wakati wa mvua za vuli, nikashuka tena. Daktari amesema huenda nisiione themanini na sita maishani. Nimelia kwa hilo, nimemaliza. Natumia kidonge kimoja cha sukari. Natembea. Sijampiga mtu kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, na hiyo ndiyo hesabu ninayomtajia nesi kwanza kabla sijapanda mizani. Ukiniuliza wewe uanzie wapi, anzia kwa mtu uliyemuumiza, kisha urudi kliniki uliyoikimbia. Watakaokudharau huko wapo. Pita katikati yao ufike kwa yule anayekujua jina.

Mwezi uliopita Ouma alikuja kibandani. Sikumwona akifika. Nilikuwa nimeinama nanyonyoa, nikanyanyuka na kumkuta amesimama mbele ya kizimba, mkono wake wa kushoto umepona ukiwa umepinda kidogo. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye gambuti, bila haraka.

"Niaje, Mama Mercy. Kumbe bado uko mnono."

Nilihisi pigo linakuja. Nikalingoja. Likapita. Mikono yangu ilikuwa na manyoya mpaka viwikoni, na ilitulia.

"Ndiyo," nikamwambia. "Unataka kuku wa kienyeji ama broila?"

Alitazama kizimba kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga, nami nikamwita mama mwenye kikapu aliyekuwa anafuata.